Aliyegongwa Utosi kwenye Jiwe la Abati

Nether Sarbourne, Dorset
4 Machi 1956

Mdogo wangu Ambrose,

Sikuandikii kukujulia hali, ingawa hali yako ningependa kuijua. Zaidi ya mwaka sasa napata kadi ya Krismasi tu, tena kwa mwandiko wa mkeo. Nikasema, basi, Kanada imemmeza, acha imtafune. Leo nina shida nawe, kwa hiyo kiburi nimekiweka kabatini. Usicheke.

Kanali Denholt ameiuza Hobmead, uwanda wote na chemchemi yake, kwa watu wa maji. Wanataka kuchimba visima na kufunga pampu, maji yapelekwe miji ya pwani. Ukiivuta chemchemi ile mto wetu unakufa, huna haja ya kuelezwa. Vitalu vyangu vya saladi ya maji vitakauka msimu huohuo, na vya akina Tuffin pia, na baada ya hapo sioni nani atabaki hapa wala kwa sababu gani. Nina miaka hamsini na sita. Sijui kazi nyingine zaidi ya kusimama kwenye maji na kukata majani.

Nawe unajua kwamba Hobmead si mali yake. Ni malisho ya parokia tangu enzi za watawa, na kuyauza pasipo ridhaa yetu hakuwezekani. Lakini mwanasheria wake amepata upenyo. Anasema hivi: "Kila mwaka, wiki ya kuombea mashamba, ninyi wenyewe mnauzunguka mpaka wa parokia yenu na fito zenu na kasisi wenu, na kila mwaka mnafika kwenye kinu cha kusagia nafaka mnakata kushoto, Hobmead mnaiacha nje. Nani anaujua mpaka wenu kuliko ninyi?"

Na ni kweli tupu. Unamkumbuka Kasisi Penhale, alivyorudi kutoka vitani na mapafu yake yaliyoliwa na gesi. Mwaka ule wa kwanza alifika kinuni pumzi zikamwishia, na mzee mmoja akasema kwa upole, "Tukatize hapa, Baba, huko juu kuna matope." Hakukuwa na matope. Mwaka wa pili tukakatiza tena, ili asijue kwamba mwaka wa kwanza tulimwonea huruma. Akafa, akaja mwingine, na nani angemwambia mgeni kwamba njia aliyooneshwa ni ya uongo? Ingekuwa kumsengenya marehemu. Miaka thelathini na zaidi ya adabu njema, Ambrose, ndiyo iliyotuuza.

Tunataka mtu aliyefika Jiwe la Abati, jiwe la mpaka kule Hobmead, kwa miguu yake, kabla ya vita vile vya kwanza. Wasichana tulibakizwa kinuni kuchemsha chai, kwa hiyo mimi si shahidi wa chochote ila birika. Wavulana waliogongwa kichwa pale baada yako wote wamekwisha, Percy Gale baharini na wengine kwa vifua vyao. Yupo Job Tuffin, miaka themanini na mitatu, kiziwi, na kila saa ananukia pombe ya matofaa. Watamcheka. Kwenda kulitafuta jiwe lenyewe hatuwezi, maana Kanali ameweka waya na walinzi.

Mwaka 1911, kwa desturi ya kumgonga mvulana mmoja kwenye kila jiwe la mpaka, zamu ya Jiwe la Abati ilikuwa yako. Walikugonga utosi ili usisahau. Je, hukusahau?

Dada yako,
Hester Stickland


Poplar Bluff, Saskatchewan
29 Machi 1956

Dada Hester,

Usiushangae mwandiko. Mkono wangu wa kulia umekuwa mzito tangu baridi ya mwaka juzi, kwa hiyo mimi nasema na Paraska anaandika. Ndiyo maana ya ukimya. Usinionee huruma, huruma yenu naona ina madhara.

Sikusahau. Tulipita kinu, tukashika ukingo wa mto kwenda juu, kulia na si kushoto, mpaka Hobmead. Kasisi Lovegrove alivua viatu akaingia kwenye maji hadi magotini, kanzu ameikusanya mkononi kama mwanamke anayedeki. Sisi tukafuata. Jiwe liko ng'ambo ya chemchemi, chini ya mti wa miiba uliopindishwa na upepo kuelekea mashariki. Upande mmoja lina msalaba, na upande wa pili lina tundu la kuingiza ngumi ya mtoto. Niliingiza yangu.

Wanaume wawili wakanigeuza miguu juu. Wa kushoto alikuwa Job Tuffin. Soksi yangu ilikuwa imetoboka kisiginoni, kidole chake kikaingia humo kikanitekenya, nami nikacheka kasisi akiwa katikati ya zaburi. Kugongwa ni mara tatu. Mimi wakaniongeza ya nne kwa ajili ya kicheko. Nikiwa vile kichwa chini niliona mbingu ziko ndani ya maji, nikaogopa kwamba wakiniachia nitaangukia juu. Walinipa andazi langu la zabibu, nalo likalowa.

Haya nimeyasimulia hapa kila majira ya baridi kwa miaka thelathini. Paraska anayajua kuliko mimi mwenyewe. Anajua pia namna ulivyofunga mashada ya saladi ukiwa na kamba mdomoni, na mwezi wa Agosti tulivyoogelea chini ya daraja mpaka midomo ikawa ya bluu.

Niambie la kufanya, nitalifanya.

Mdogo wako,
Ambrose


Nether Sarbourne
15 Aprili 1956

Ambrose, mpuuzi wangu mpenzi,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye kitalu, maji yakanipita juu ya buti, sikusikia. Msalaba, tundu, mti wa miiba. Mwanasheria wetu, kijana mwenye shingo nyembamba lakini si mjinga, amesema ushahidi wa namna hii unaweza kuzuia pampu. Hilo ndilo neno la kwanza la matumaini kutamkwa kijijini tangu Krismasi.

Ila nikuchape kidogo. Agosti? Chini ya daraja letu mwezi wa Agosti hakuna maji ya kuogesha kuku. Tulicheza gololi pale, kwenye vumbi. Nyika yenu imekukausha ubongo, au Paraska amekuchanganyia na mto wa kwao. Umesahau kwamba wetu ni mto wa nusu mwaka? Vilima vya chokaa vinakunywa mvua kuanzia Oktoba, na ikifika Februari vimeshiba, vinatema. Wala hauji kwa kishindo. Kwanza unajaza nyayo za ng'ombe kwenye uwanda, moja baada ya nyingine, kama mtu anayemimina chai vikombeni. Kisha majani yanalala. Anayeuona wa kwanza anakimbia kupiga kengele ya kanisa, na mama anaviringisha busati la jikoni kwa sababu maji yatapanda kupitia sakafu. Hayo ndiyo ya kukumbuka, si kuogelea.

Nilikwenda baa kumwona Job. Nikamkaribia sikioni nikapiga kelele, "Job! Unamkumbuka mdogo wangu, Ambrose?"

"Yule wa soksi?"

Naapa sikuwa nimemwambia kitu. Nikamuuliza soksi gani. "Imetoboka hapa," akashika kisigino chake, mguu ukiwa juu ya meza na watu wanakunywa. "Alicheka kwenye zaburi. Tukamtia moja ya nyongeza. Mzima?"

"Mzima, yuko Kanada."

"Alikuwa mzito," akasema, "kwa mtoto wa nyumba yenye njaa kama yenu."

Sasa nenda kwa ofisa wa viapo wa huko, ayaandike uliyoyasema, uweke sahihi mbele yake, ulete haraka. Agosti usiitaje. Na mwambie wifi yangu Paraska ahsante kwa mkono wake. Mwandiko wake mzuri kuliko wako ulivyokuwa hata siku zako za afya.

Hester


Poplar Bluff
9 Mei 1956

Dada Hester,

Kiapo kimo ndani ya bahasha hii. Tulikwenda mjini kwa lori, barabara bado mbaya kwa barafu inayoyeyuka. Sahihi ni yangu ijapokuwa imepinda.

Naomba usikose kuandika, hata kama shauri likiisha. Barua zako zinasomwa hapa kwa sauti, jioni, zaidi ya mara moja. Lile la nyayo za ng'ombe limesomwa mpaka karatasi imelegea.

Ambrose


Nether Sarbourne
17 Juni 1956

Mdogo wangu,

Shauri limeanza, kwenye ukumbi wa shule, chini ya ramani ya dunia ambayo mwalimu alikuchapa kwa kuiandikia. Bwana mkubwa wa kusikiliza shauri ni mtu mkimya, anachonga penseli. Kiapo chako kilisomwa. Ungeona ukumbi. Ulipofika kwenye kugongwa mara ya nne hata bwana yule alitabasamu. Kanali aliangalia viatu vyake.

Mwaka huu tulijaribu kuzunguka mpaka kwa njia ya zamani. Tulifika kinuni, kasisi akauliza, "Kulia?" nasi sote tukasema kulia, kwa sauti, kama watoto wa shule. Tukaenda hatua chache, tukakuta waya. Mlinzi wa Kanali, yule kijana wa akina Rudge niliyemfundisha mwenyewe kukata saladi, akasema, "Samahani, Bi Hester, nimeambiwa." Tukasoma zaburi palepale kwenye waya. Job alilia, akasema ni mafua.

Sasa sikiliza. Mwanasheria wa Kanali hakuridhika. Anataka shahidi aulizwe ana kwa ana, na amepewa ruhusa kumtuma wakili wa huko kwenu aje nyumbani na maswali. Usimwogope. Mwambie ulivyoniambia mimi. Ambrose, kila mtu hapa anakuombea, hata watu wa kanisa la pili. Nikipita njiani wananiuliza, "Vipi, mdogo wako?" kana kwamba wewe ndiye kasisi mpya.

Hester


Poplar Bluff
22 Julai 1956

Wifi Hester,

Ni mimi Paraska. Na ni mimi tangu mwanzo.

Ambrose alipigwa na kiharusi baridi ya mwaka juzi, akiwa zizini. Kilichukua upande wa kulia na maneno yote. Anakula nikimlisha. Ananijua, nadhani, siku nyingine. Daktari alisema hatarudi, na hakurudi.

Sikukuandikia kwa sababu kila nilipokaa kuandika niliona nafanya mazishi ya mtu aliye hai. Kisha barua yako ya Machi ikaja. Nilimsomea, kama ninavyomsomea gazeti, ili asikie sauti tu. Nilipofika pale unapouliza, "Walikugonga utosi ili usisahau. Je, hukusahau?" akainua mkono wake wa kushoto, ule unaofanya kazi, akaupeleka taratibu mpaka utosini, akajipapasa. Nikasoma tena. Akajipapasa tena. Wifi, mwaka mzima hakuwa amejibu kitu chochote. Nikasema, huyu ametoa ushahidi, kilichobaki ni mtu wa kuuandika.

Na nilikuwa nao wote. Mimi nilizaliwa nyikani, wazazi wangu walikuja hapa kutoka Ukraine na gunia la mbegu, hawakupenda kuzungumza juu ya kwao. Ambrose alizungumza. Baridi ya hapa ni ndefu, usiku unaanza mchana, na mwanamume yule alikuwa anatengeneza hatamu huku akinipeleka Sarbourne. Najua nani alikaa kiti gani kanisani. Najua mlango upi unakwama. Sikuongeza hata neno moja, ila lile la kuogelea, ambalo nilidhani kila mto wa Agosti unaogelewa. Uliponikosoa niliona aibu, kisha nikafurahi, kwa sababu nilijifunza kitu cha kijiji changu.

Ofisa wa viapo ni mtu wa kanisa letu. Alimwona Ambrose amekaa kwenye lori, hakuuliza maswali. Nilimshika mkono akaweka sahihi.

Yule wakili alikuja Jumanne. Alikuwa mpole. Akavuta kiti mbele ya Ambrose, akauliza, "Bwana Stickland, jiwe liko wapi?" Ambrose akajipapasa utosi. Akauliza mara ya pili, mara ya tatu, na kila mara Ambrose alijipapasa, kwa bidii, jasho likimtoka. Nikasema, "Huyo anakujibu." Wakili akaandika. Nilisoma karatasi yake juu chini: Shahidi hajibu.

Nimeharibu. Nilitaka kukupa mdogo wako na mto wako kwa pamoja, nikakupotezea vyote.

Paraska Stickland


Nether Sarbourne
30 Septemba 1956

Bibi Stickland,

Unastahili kujua mwisho wa shauri.

Karatasi ya wakili ilisomwa ukumbini mbele yangu. Mwanasheria wa Kanali hakupaza sauti, aliitoa ile karatasi kama mtu anayetoa nywele kwenye supu. Kisha akamwita Job kizimbani. Job akasema alichokisema baani, soksi, kisigino, zaburi, mara ya nne. Mwanasheria akakinyanyua kiapo chako kwa mkono mmoja akasema, "Soksi ileile. Tundu lilelile. Bi Hester amewafundisha vizuri." Watu wakacheka, si wetu, wale wa mjini. Job hasikii. Akadhani wanaifurahia hadithi, naye akacheka nao, akainua mguu awaoneshe kisigino.

Bwana yule wa penseli akaandika kwamba ushahidi wa njia ya zamani umeghushiwa na hauwezi kutegemewa, kwamba mpaka ni ule unaotembelewa. Hobmead iko nje. Wameanza kupima.

Unaniambia hukuongeza neno. Afadhali ungeongeza. Ungesema uongo mtupu ningejua namna ya kukuchukia. Ulichofanya ni kuchukua ukweli na kuuvisha mtu asiyeweza kuubeba, na sasa hayupo hata mtu mmoja hapa anayeamini kwamba ni ukweli. Nami pia usiku najiuliza kama jiwe lilikuwepo.

Na ulinifanya nimtanie mtu aliyelala kitandani hajui jina lake. Nilimwita mpuuzi. Ukamsomea na hilo?

Mtunze. Usiniandikie tena.

H. Stickland


Poplar Bluff
20 Januari 1957

Wifi,

Ulinikataza. Hii moja tu.

Ambrose amefariki Alhamisi, asubuhi, nikiwa nachota makaa. Ardhi imeganda, wanaume waliwasha moto juu ya mahali pa kaburi tangu siku moja kabla ya mazishi ili jembe liingie. Tulimzika kwenye udongo wenye joto. Nilifurahi kwa hilo, kwa sababu alichukia baridi ya hapa mpaka mwisho.

Ndiyo, nilimsomea pale ulipomwita mpuuzi. Nilimsomea zaidi ya sehemu nyingine zote.

Siombi jibu.

Paraska


Nether Sarbourne
2 Machi 1958

Wifi Paraska,

Nimekaa na barua yako zaidi ya mwaka. Nililia siku ilipofika, kisha nikakasirika kwamba nimelia, kisha kazi zikaja. Sasa kazi hazipo, kwa hiyo naandika.

Pampu zilianza Oktoba. Ni kijumba cha matofali mekundu, safi, kina mlango wa kijani na hakina dirisha. Hakina mlio mkubwa. Ukisimama kwenye daraja unasikia kitu kama mtu anayevuta pumzi akiwa amelala nyumba ya jirani.

Jiwe limepatikana. Wenye mitambo walilichimbua mwezi wa Julai walipokuwa wanapitisha mabomba, ng'ambo ya chemchemi, chini ya kisiki cha mti wa miiba. Hawakujua ni kitu gani. Wamelisimika pembeni mwa lango lao, magari yasikanyage majani. Niliambiwa na yule kijana Rudge, alikuja mlangoni amevua kofia, hakuweza kuniangalia usoni. Nikaenda. Msalaba upo. Nikazunguka nyuma, tundu lipo. Niliingiza mkono wangu, haukupita, umekuwa mkubwa kwa kazi. Kila neno uliloandika lilikuwa kweli, na lilikuwa mahali pake.

Niliandika kwa wakubwa. Wamejibu kwa heshima kwamba shauri limefungwa, na kwamba wanashukuru kwa mchango wangu katika historia ya mahali.

Job amechukuliwa na binti yake kwenda Swindon. Wakati wa kumpandisha kwenye gari alidhani wanampeleka baani. Akina Tuffin wengine wameng'oa vitalu vyao. Vyangu niliving'oa mimi mwenyewe wiki iliyopita, mimea imekuwa ya njano, mizizi inatoka mkononi kama nywele za mgonjwa. Kasisi ameuliza kama mwaka huu tutazunguka mpaka. Hakuna aliyemjibu, na kwa adabu zetu hilo ndilo jibu.

Na mto haukuja. Januari tuliambiana mvua ilichelewa. Februari tuliacha kuambiana. Busati la jikoni nililiviringisha siku ya kwanza ya Februari, kwa mazoea, mikono ilifanya kabla sijaikataza. Bado limeviringishwa, nalipita kila nikienda kuweka chai. Kulitandika tena nashindwa. Nikilitandika nimekubali.

Nilikuandikia maneno makali na mengi yalikuwa ya haki. Sitayafuta. Lakini nimegundua jambo, wifi. Tuliobaki hapa tumebaki na nyumba tu. Ninapojaribu kuuona mto unavyokuja naona mfereji mkavu na kopo la rangi ndani yake, na kila siku unazidi kuwa hivyo hata kichwani. Wewe hukuwahi kuuona ukiwa mkavu. Kwako haujakauka.

Niandikie. Si kama Paraska, na rambirambi sitaki. Niandikie kama ulivyoniandikia mara ya kwanza, nilipokuwa sijui. Nitajua, na nitasoma hivyohivyo.

Dada yako,
Hester


Poplar Bluff
24 Machi 1958

Dada Hester,

Usiushangae mwandiko. Mkono wangu mzito, nasema tu na Paraska anaandika.

Maji yamekuja leo. Nimeyaona mimi wa kwanza, kwa hiyo Percy Gale asikudanganye. Nilikuwa Hobmead nafuata ng'ombe, nikakuta unyayo mmoja umejaa, na mbingu imo ndani yake. Nikasimama. Wa pili ukajaa, kisha ule wa pembeni yake. Hakuna sauti yoyote. Niliruka kutoka mmoja hadi mwingine nikitaka kuuwahi ulio mkavu bado, na kila nilipofika nilikuta umejaa tayari. Jiwe lipo mahali pake. Tundu lake limejaa pia, nimeingiza ngumi, maji ni ya baridi ya kuuma meno.

Sasa yameshapita kinu. Nimekimbia nayo sambamba ukingoni, hayana haraka, yanaingia kila shimo kwanza kabla ya kusogea. Chini ya daraja gololi zetu zimefunikwa na maji, vumbi lake linaelea, niliziacha. Vitalu vyako vinapata maji kuanzia cha juu. Job yuko mlangoni kwa baba yake na mguu mmoja wa kiatu. Kasisi Lovegrove ametoka nje na kitambaa cha chakula shingoni.

Nakwenda kupiga kengele. Mama anakuita kwa jina lako la utoto, Hetty, anasema acha hayo mashada, njoo umsaidie kushika upande wa pili wa busati.

Ambrose